Asali ya Kifua

Puteoli, tarehe 8 Aprili

Kwa Mama Eutikia, mhudumu wa kanisa huko Roma.

Salamu nyingi katika Bwana, na za wajane wote wa hapa. Huyu mwenye nyumbu anaitwa Trofo. Nimempa magudulia mawili ya asali niliyochemsha na majani yale unayoyapenda, kwa ajili ya kikohozi chako. Akikuambia moja lilivunjika njiani usimwamini. Miaka kumi na tatu uliyokaa nasi, kila ulipofika mlangoni nilikisikia kifua chako kabla sijakuona, nikakimbilia jikoni. Huko Roma nani anakuchemshia?

Sasa nina jambo, na sitazunguka.

Unaikumbuka homa ya mwaka juzi, kabla hujaondoka, iliyotuchukulia ndugu watatu kwa wiki moja. Aliyewaosha na kuwabeba si sisi. Sisi tulisimama mbali tukiimba huku tumeziba pua. Ni mchukuzi wa maiti, Nikero, mmoja wa wale wanaokaa vibandani nje ya mnara wa mpaka wa mji. Mwaka jana tulipokwenda makaburini kuwaombea alikuwepo, kajibanza nyuma ya ukuta. Tulipomaliza akaniuliza, "Dada, yule mama mnene nilimbeba mimi, na alikuwa mzito kama jiwe. Mnasema ataamka. Mnasema kweli, au mnajipa moyo tu?"

Nikamwambia tunasema kweli.

"Basi na mimi nataka," akasema. Hivyo tu, kama mtu anayeagiza samaki sokoni.

Nimemfundisha tangu mavuno ya zabibu, hukohuko makaburini, maana sheria ya mji haimruhusu kuingia ila anapokuja kuchukua maiti, na hapo lazima avae ile kofia nyekundu ili watu wamkwepe mapema. Sala zote anazijua. Anajua kuliko Fausto, tunayekutania nyumbani kwake, ambaye mpaka leo anachanganya Eliya na Elisha. Nataka abatizwe Pentekoste hii, kisha ale nasi mkate mmoja na kikombe kimoja.

Nililisema siku ya Bwana. Mama, kwa mara ya kwanza tangu niwajue, Fausto na mzee Zabdi wamekubaliana! Zabdi anataja Torati, Fausto anataja majirani, lakini wote wawili walirudi nyuma hatua moja kana kwamba nimeingiza panya.

Sikuombi ruhusa. Naomba uniunge mkono. Neno lako hapa bado ni sheria.

Ni mimi uliyenilea,
Ampliata


Roma, tarehe 17 Aprili

Kwa Ampliata mwenye haraka.

Magudulia yote mawili yamefika. Trofo alikuwa ameonja moja, ndevu zake zilikuwa zinanata. Ahsante, kifua hakijambo.

Nilipokuchukua ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unauma watu. Naona hujaacha.

Unasema huombi ruhusa, na barua nzima unaomba. Basi sikiliza. Kanisa la Puteoli lina watu arobaini na mlango mmoja, na mlango huo ni wa Fausto. Akiufunga, wajane kumi na mmoja wanaokula kwake watakula wapi? Wafikirie hao kabla hujafikiria ushujaa wako. Mtu huyo amekaa nje ya mnara maisha yake yote, mwaka mmoja zaidi hautamdhuru. Mfundishe taratibu. Msimbatize mwaka huu.

Na akija kwa Fausto, usingoje apige hodi. Wale hawagongi mlango wa mtu kamwe. Mlango uliogongwa na mchukuzi, mwenye nyumba huona kifo kimeshajua njia, na zamani walipigwa mawe kwa hilo. Tena usimpe mkono kwa ghafla, ataruka. Mpe kitu akishike kwanza, bakuli au nguo, ndipo umsogelee. Kisha umrudishe kwa upole kabla Fausto hajatoka.

Usinijibu ukiwa na hasira. Lala kwanza, ndipo uandike.

Eutikia


Puteoli, tarehe 27 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Nimelala kwanza. Nimeamka na hasira ileile.

Alikuja. Mke wa dobi wa jirani alikuwa amefariki, kwa hiyo Nikero aliingia mjini kihalali na kofia yake kichwani, na alipokuwa akiwangoja wenzake na jeneza akaja kusimama mbele ya nyumba ya Fausto. Ilikuwa kama ulivyosema, hakupiga hodi. Alisimama barabarani akakohoa mara mbili, akangoja, akakohoa tena mara moja. Nikadhani ile homa imempata. Nikatoka mbio na kijiko cha asali. Alikilamba akanitazama kama mtu aliyepewa kiatu akile. Nikampa bakuli akashika, kisha nikampa mkono, na hakuruka. Mama, mambo haya umeyajuaje? Nimezaliwa mji huu na sikuyajua.

Fausto akatokea. "Nani ameileta kofia hiyo mlangoni kwangu?"

"Imekuja na miguu yake," nikasema.

"Ampliata, usinifanyie mzaha. Nina wateja. Meli ya ngano inafika wiki hii. Watu wakimwona huyu hapa watasema nyumba ya Fausto kuna msiba, na msiba wenyewe watautafuta mpaka waupate."

Nikero akasema, "Samahani, bwana," akanirudishia bakuli, akaondoka. Hajafika hata kwenye kona ya barabara, Fausto akaita maji ya chumvi akamwaga kizingitini kuondoa mkosi. Na Nikero aligeuka akaona.

Siku ya Bwana tukagombana wazi. Mzee Zabdi alisimama na Torati yake. "Aliyegusa maiti ni najisi siku saba," akasema. "Huyu anagusa kila siku. Hizo saba zake zitaanza lini?"

Nikamwuliza, "Mzee wangu, na Bwana alipokufa, nani alimshusha msalabani? Alishuka mwenyewe?"

"Hilo ni jambo jingine."

"Wanaume wawili walimshika kwa mikono yao, sikukuu iko mlangoni. Wangekuja leo hapa ungewapa mkate au ungewamwagia maji ya chumvi?"

Zabdi akaikunja Torati yake. Lakini mtu akikunja kitabu hajakubali. Wakaamua hivi: aulizwe Mama Eutikia, atakalosema ndilo, na kila mtu atanyamaza. Nami nikiendelea kabla ya jibu lako, wataninyang'anya uhudumu. Nimewaambia kapu la mkate lile pale, anayelitaka alibebe, ila Nikero nitambatiza hata kwenye birika la kunyweshea punda.

Kwa hiyo shauri lote liko kwako. Usituangushe.

Ampliata


Roma, tarehe 6 Mei

Ampliata,

Barua ya wazee imefika pamoja na yako. Fanya hivi, na maneno yaishe.

Mbatize Pentekoste, nje ya mji, bila kelele. Baadaye, siku atakayoweza kuja, asimame nje ya mlango upande wa barabara, nawe umpelekee mkate wake palepale katika sahani yake mwenyewe. Atakuwa ameshiriki, na Fausto atakuwa hajapoteza kitu. Wapo waliofurahi kupewa chini ya hapo. Nitawaandikia wazee hivyohivyo.

Usiniulize tena nimejuaje. Mtu akikaa sana mahali husikia mengi.

Asali bado ipo.

Eutikia


Puteoli, tarehe 15 Mei

Mama,

Mkate wa mlangoni hupewa mbwa.

Nilimsomea Nikero barua yako. Nilitaka akasirike, ili tuwe wawili. Hakukasirika. Alisema, "Sahani yangu mwenyewe? Nitapewa sahani?" Alifurahi, Mama. Nililia njia nzima mpaka nyumbani kwa kuwa alifurahi.

Basi siku ya Bwana iliyopita, kabla sala haijaanza, nilibeba kapu nikamwambia Fausto mbele ya wote, "Sheria inamkataza yeye kuingia. Sisi haitukatazi kutoka." Nikashika njia ya mnara. Sikugeuka nyuma, niliogopa kuona niko peke yangu. Lakini nilisikia magongo yananifuata, ko, ko, ko. Ni bibi Rufila. Nyuma yake wajane watano. Hao ni sita kati ya wale kumi na mmoja uliowatumia kunitisha! Rufila akasema, "Huyu bwana nitamhitaji karibuni tu, afadhali tujuane mapema."

Tulikula kibandani kwa Nikero, chini, juu ya majani makavu. Yeye alishika kipande chake cha mkate kwa muda mrefu mpaka mkewe akamwambia kitapoa, na hakikuwa hata cha moto.

Nilikuwa nimemletea asali kwa ajili ya kifua. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, huyu haumwi! Hiyo ndiyo hodi yetu. Mara mbili, unangoja, mara moja. Mtoto wa huku anafundishwa kabla hajatembea." Na palepale mtu akakohoa nje, mara mbili, akangoja, mara moja. Mke wa Nikero akasema, "Karibu." Akaingia jirani kuomba moto.

Mara mbili, unangoja, mara moja.

Kijiko kilinidondoka. Wote walidhani nimechukizwa na kibanda.

Miaka kumi na tatu, Mama, nimekuchemshia asali kwa kikohozi hichohicho.

Sijamwambia mtu, na sitamwambia. Ni yako. Lakini ile barua kwa wazee, kama hujaituma, iandike ukijua ni nani unamsimamisha barabarani na sahani yake. Kama umeituma, Mungu akusamehe, maana mimi bado sijaweza. Nakupenda, na sijawahi kumkasirikia mtu kama ninavyokukasirikia wewe leo.

Ampliata


Puteoli, tarehe 27 Mei

Mama,

Trofo anaapa alikupa barua mkononi. Anasema uliianza umesimama, ukamaliza umekaa, ukamwambia aende, hakuna jibu.

Barua yako kwa wazee haijafika nayo. Fausto ananiuliza kila asubuhi, namjibu njia ina matope. Haijanyesha wiki tatu.

Kapu wamelichukua. Zabdi alikuja mwenyewe kulifuata, na macho yake yalikuwa chini. Rufila amenisukia jingine, baya kweli, linavuja makombo. Pentekoste ni tarehe kumi Juni na majini tutaingia, uandike usiandike.

Niliyokuambia siyafuti. Ila najuta niliyaandika kama mtu anayerusha jiwe, na huko uko peke yako. Kama umeugua, niambie. Kama hutaki tena kuniona, niambie hata hilo.

Ampliata


Roma, tarehe 3 Juni

Kwa kanisa la Puteoli, lililo nyumbani kwa Fausto na lililo nje ya mnara. Barua hii isomwe kwa sauti, na msomaji awe Ampliata. Zabdi, kaa chini. Fausto, funga mlango kwanza, hutapenda majirani wasikie.

Mmeniuliza kama mtu wa vibandani anaweza kula nanyi meza moja. Mmekula naye miaka kumi na tatu.

Mimi ni binti wa mchukuzi wa maiti. Nilizaliwa kibanda cha nne kutoka kisimani, nje ya mnara wenu, na sijafikisha miaka saba nilikuwa nikibeba maji ya kuoshea wafu wenu. Nikiwa na miaka kumi niliuzwa Neapoli. Bibi aliyeninunua alipokaribia kufa aliniacha huru, akanipa jina lake, nami nikarudi Puteoli kwa lango kubwa nikiwa mtu mwingine. Mikono iliyowamegea mkate ndiyo hiyohiyo. Imewapaka mafuta wake zenu walipobatizwa. Ilimpokea mwanao wa kwanza, Fausto, na ulinibusu vidole ukilia. Anayetaka kutapika atapike sasa. Hamkufa. Kuna walionenepa.

Msidhani najivuna, sijamaliza. Mwaka wangu wa pili kwenu alifariki mzee Aristo, tukamsindikiza makaburini. Aliyeshika jeneza mbele, upande wa kulia, alikuwa baba yangu. Alinijua. Walipolitua alivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akasimama. Nywele zilikuwa zimemwisha. Na mimi, mhudumu wa Bwana, nikamwambia, "Ahsante, unaweza kwenda." Akaenda. Alifariki msimu wa baridi uleule, na sikwenda kumwosha. Baada ya hapo nimewahubiria upendo miaka kumi na moja.

Nilikuwa nimewaandikia barua nyingine, ya mkate wa mlangoni. Ilikuwa imeshafungwa kwa nta. Nimeichoma. Niliona namwambia baba yangu aende mara ya pili.

Sasa hukumu yangu, maana mliiomba na mkaahidi kunyamaza. Nikero atabatizwa Pentekoste. Atakula mkate mmoja nanyi kutoka kapu moja, na atakaa karibu na Zabdi, kwa kuwa Zabdi ndiye anayemwogopa zaidi. Sheria ya mji haimruhusu kuingia, na sitaki apigwe viboko kwa ajili ya heshima yangu, kwa hiyo ninyi ndio mtakaotoka. Fausto, meza yako ina miguu minne na una watumishi wenye mabega. Na Ampliata arudishiwe kapu lake leo, kabla hajakunja barua hii. Mkitaka kuniondoa mimi, niondoeni, ila mnitazame usoni.

Nakuja nyuma ya barua hii. Nitalala vibandani. Alfajiri ya Pentekoste nitapita katikati ya mtaa wenu nimevaa kofia nyekundu, mtu yeyote anione, nije nyumbani kwa Fausto kuwaita. Miaka yote nimesimama mlangoni kwenu nikikohoa, nanyi mkinihurumia kifua. Safari hii nitapiga hodi kwa mkono huu. Fausto, ukitaka kuweka maji ya chumvi tayari, weka. Nitasubiri hapohapo umalize kumwaga.

Eutikia, binti wa Dama mchukuzi


Roma, siku hiyohiyo, kwa Ampliata peke yake

Mwanangu,

Asali usinichemshie. Kifua changu hakijawahi kuuma. Niliinywa miaka yote hiyo kwa kuwa ulikuwa ukiileta mbio, unaimwaga njiani, na hakuna mtu aliyekuwa amenikimbilia hivyo tangu nitoke kibanda cha nne.

Uliandika vizuri. Jiwe lile nililihitaji.

Hayo ya ushujaa uliyosoma mbele ya watu ni ya karatasi. Nimekuwa nikijizoeza kwa mlango wa jirani yangu hapa. Nanyanyua mkono, unabaki hewani. Baba alinichapa mara moja tu maishani mwangu, siku nilipogonga mlango wa watu, na mkono bado unamsikiliza. Jana niligonga, mara moja. Jirani akafungua, sikuwa na la kusema, nikamwomba chumvi.

Siku yenyewe nitagonga mara moja. Sijui kama nitaweza mara ya pili. Simama karibu na mlango.

Mama yako